Kibanda Ambacho Mama Hakuruhusiwa Kuingia

Mjomba Lisiate alinivunja jino Jumanne asubuhi, kwa kopo la kuogea.

Lile la bati. Angeshika la plastiki, leo ningekuwa nacheka bila kuziba mdomo.

Na sikuwa nimemkosea kitu. Nilikuwa nimebeba beseni la maji ya uvuguvugu, taulo begani, naimba wimbo wa kwaya anaoupenda. Nikamwambia, "Mjomba, inuka tukaoge, hata nguruwe wako wanakushinda usafi." Nikashika pindo la fulana yake nimvue.

Akaniangalia usoni. Kisha akainamisha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango usiokuwa wake.

Pa!

Niliona nyota mchana kweupe. Nilipotema, jino la mbele likadondoka ndani ya beseni.

"Toka!" alikuwa anafoka, blanketi amejiviringisha hadi kidevuni. "Toka humu! Baba ataniua!"

Baba yake ni babu yangu. Alikufa mwaka niliozaliwa mimi.

Nilikimbia. Nyuma yangu nikamsikia akilipiga lile kopo ukutani, pa, pa, pa, mpaka mbwa wa majirani wote wakaanza kubweka.

Jambo hili nimekaa nalo miaka miwili. Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, hata darasani kwangu wanafunzi huniambia nipaze sauti. Lakini nimeona niliandike, maana najua kuna mtu mahali fulani, sasa hivi, anapigwa na mtu anayempenda na haelewi kwa nini.

Mjomba Lisiate alizaliwa na ile hali ya ulemavu wa akili iitwayo Down. Macho ya mshazari, ulimi mzito, vidole vifupi vinene. Madaktari walisema hatafika miaka ishirini. Akafika hamsini na mbili, na baadhi ya waliosema hivyo aliwabebea mashada siku ya mazishi yao.

Msimwonee huruma. Alikuwa mwizi wa karata hodari. Alikuwa na tai kumi na nne, na kila Jumapili alivaa mbili. Nguruwe wake aliwapa majina ya wazee wa kanisa, kisha anawagombeza kwa sauti wakati wazee wenyewe wanapita njiani.

"Wewe Mzee Fonua! Umekula tena chakula cha wenzako!"

Kijiji kizima kilikuwa hoi kwa kicheko.

Na mimi nilikuwa bosi wake. Si mzaha. Kwetu Tonga, mtoto wa dada ni mkubwa mbele ya mjomba wake. Naweza kuingia kwake, nikachukua shati lake jipya nikaondoka nalo, na yeye hana la kusema. Mjomba Lisiate alikuwa anaongezea kabisa.

"Chukua, bosi. Na soksi je? Hutaki soksi?"

Lakini yeye na mama yangu, hapo palikuwa pengine.

Kaka na dada kwetu ni mwiko. Hawakai chumba kimoja. Hawatazami televisheni pamoja. Kaka haingii anapolala dada, na dada hakanyagi anapolala kaka. Dada ndiye mwenye heshima. Kaka humtii, tena akiwa ameinamisha macho. Mjomba Lisiate alikuwa akimwona mama anakuja uani, anazunguka nyuma ya tangi la maji mpaka apite. Aliishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, hatua ishirini tu, na mama hakuwahi kukanyaga kizingiti chake. Chakula chake nilikipeleka mimi.

Basi alipoanza kuumwa, familia ilijiona imepanga vizuri.

Dalili zilianza kidogokidogo. Alisahau majina ya nguruwe. Akavaa shati miguuni. Siku moja akasimama katikati ya ibada akauliza nyumbani ni wapi. Halafu akaanza kujikojolea.

Nani amwogeshe? Baba yangu na kaka yangu wako Australia wanachuma matunda, kama wanaume wengi wa hapa. Mjomba mdogo, Uaisele, ni baharia wa meli ya visiwani, yupo nyumbani siku mbili kwa wiki. Mama ni dada yake, mwiko.

Nikabaki mimi. Nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Mimi mpwa, mwiko haunigusi. Wazee wakasema, "Lesieli ndiye hasa." Wote tukaridhika.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilikuwa namwagia maji, ananirushia povu, tunacheka.

Kisha siku moja akaacha kuniita bosi.

Hakuniita jina lolote. Alikuwa akiniona tu mlangoni anarudi nyuma mpaka ukutani, anavuta blanketi. Ndipo vipigo vikaanza.

Kile cha jino kilikuwa cha kwanza. Wiki iliyofuata alining'ata mkono mpaka nyama ikaonekana. Siku nyingine alinivizia nyuma ya mlango na mtaimbo wa kuchimbia viazi vikuu. Namshukuru Mungu alikosa shabaha. Chuma kiliingia kwenye ubao wa ukuta sentimita chache kutoka sikioni mwangu, na akashindwa kukichomoa. Wakati anahangaika nacho alikuwa analia.

Alikuwa analia. Nililiona hilo, na sikulitia akilini.

Sasa niseme la aibu.

Na mimi nilimpiga.

Ilikuwa siku ameninyonga. Mikono yake ni mifupi lakini ina nguvu za miaka thelathini ya kubeba ndoo za nguruwe. Pumzi ilikata. Nilipapasa chini nikashika ubao wa kufulia, nikampiga nao wa uso. Akaniachia. Nikampiga tena. Wa tatu nilimpiga akiwa ameshakaa chini, amejifunika kichwa kwa mikono.

Huo wa tatu haukuwa wa kujiokoa. Naujua mwenyewe.

Mama alilipeleka jambo kwa nesi wa kliniki, mdada mpole wa kisiwa cha jirani. Alikuja, akamtazama kwa mbali, akatuketisha barazani.

"Watu wenye Down huzeeka mapema," alisema. "Wengi wao wakifika hamsini, ugonjwa wa kusahau unakuwa umewaanza. Kumbukumbu za juzi ndizo zinazotangulia kuondoka. Za utotoni zinabaki mwisho."

Mjomba Uaisele alikuwa amesimama uani, chini ya baraza, macho yake ardhini kwa sababu ya mama. Akacheka kwa pua.

"Nesi, samahani. Kusahau kunavunja meno?"

"Hofu inavunja," alisema nesi.

"Hofu ya nani? Ya huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu bosi wangu hata kuku akimkimbilia anamwomba radhi!"

Mimi mwenyewe nilitaka kucheka, ila mdomo uliuma.

Uaisele hakuwa mtu mbaya. Aliamini kile ambacho nusu ya kijiji iliamini: kwamba roho ya babu imemrudia mwanawe. Kama si hivyo, kwa nini anamtaja baba yake kila anapopiga mtu?

Jioni hiyo akamleta mganga, bibi mmoja anayeitwa Vaimoana, na kitambaa cha majani yaliyopondwa. Mjomba Uaisele akamlaza kaka yake chali, akamkalia kifuani. Bibi Vaimoana akamkamulia majani machoni na puani.

Sijawahi kusikia binadamu akilia vile. Alijirusha, alipiga visigino chini mpaka vikachubuka. Uaisele akamzaba vibao, kushoto, kulia, huku akimwambia babu atoke.

"Toka, mzee! Umeshakufa! Muache mwanao!"

"Mama!" Mjomba Lisiate alikuwa anaita. "Mama! Mama!"

Mama yangu alikuwa ndani ya nyumba kubwa, ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Hatua ishirini. Hakuweza kwenda. Wanaume wawili ndugu zake wako mle, mmoja nguo zimempanda kiunoni. Alipiga kichwa chake kwenye ile fremu, taratibu, kila kilio kilipokuja.

Asubuhi yake Uaisele alisimama tena chini ya baraza.

"Dada, nisamehe. Siku moja nitarudi nyumbani nikute Lesieli ameuawa. Shambani kuna lile banda la zana. Lina bati, lina sakafu. Nitaleta mnyororo wa meli, nimfunge mguu mmoja tu. Chakula nitamlipa mtu ampelekee."

"Kama mbwa," alisema mama.

"Kama mtu anayeua, dada."

Kwetu neno la dada ndilo la mwisho. Angesema hapana, Uaisele angeufyata. Mama alinitazama mimi. Alitazama pengo langu, alitazama alama za vidole shingoni.

Huyu ni kaka yake. Huyu ni mwanawe.

"Meli inarudi lini?"

"Jumamosi, saa sita."

"Akimgusa tena mwanangu kabla ya hapo, ulete huo mnyororo. Asipomgusa, usinitajie tena."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi na Ijumaa nilimwachia chakula kizingitini nikakimbia. Hakuniona, hakunigusa. Lakini harufu ilikuwa inafika mpaka barabarani, na nzi walikuwa wameanza kumwandama. Jumamosi asubuhi nikajisemea, Lesieli, ukimwogesha leo akatulia, amepona. Akiwa safi, na tai yake shingoni, Uaisele ataona haya.

Sikumwambia mama. Nilibeba beseni nikaingia.

Alikuwa amelala. Nikapiga magoti, nikaanza kumvua suruali iliyolowa.

Akafumbua macho.

Yaliyofuata nayakumbuka vipandevipande. Goti lake kwenye kifua changu. Beseni kupinduka. Nywele zangu zimezungushwa kwenye ngumi yake, na kichwa changu kinagongwa sakafuni, mara moja, mara mbili, na yeye anapiga ukelele juu yangu, mate na machozi yake yananidondokea usoni.

"Usiniangalie! Usiniangalie! Toka!"

Nilipiga yowe. Damu iliniingia jichoni. Niliona ameokota jiwe lile la kuzuia mlango. Akaliinua.

Nikasema moyoni, basi, ndiyo hivi.

Ndipo mlango ulipofunguka, na mama yangu akaingia.

Miaka hamsini na moja hajawahi. Aliingia pekupeku, nywele zake nyeupe zimefumuka, kanga ya kiunoni inaburuzika. Alisimama tu pale katikati ya kibanda cha kaka yake.

Jiwe likabaki hewani.

Mjomba Lisiate alimtazama. Sikuwahi kuona uso ukibadilika namna ile. Hasira yote ilimwagika. Akaliweka jiwe chini polepole, akavuta blanketi akajifunika mapajani, kisha midomo ikaanza kumcheza kama ya mtoto.

"Mama," alisema.

"Mama, mimi sikumwita. Ameingia mwenyewe. Nilimwambia atoke." Akanyoosha kidole kwangu bila kunitazama, uso kaugeuzia ukutani. "Nimemwambia kila siku, Kalolaine, toka. Hasikii. Mama, usimwambie baba."

Kalolaine ni jina la mama yangu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimelala sakafuni navuja damu, na nilielewa yote kwa mpigo mmoja.

Tangu utoto wangu watu kanisani walikuwa wakiniambia, "Wewe ni Kalolaine mtupu." Uso wa mama, nywele za mama, mwendo wa mama. Mjomba alikuwa amerudi nyuma miaka thelathini, na huko alikokuwa mimi sijazaliwa. Kila asubuhi alichokiona ni dada yake, msichana wa miaka ishirini na mbili, anaingia anapolala, anamvua nguo.

Alisahau majina, alisahau njia ya nyumbani, alisahau nguo inavaliwa wapi. Mwiko hakuusahau. Alikuwa anaupigania kwa kila alichokishika.

Na sisi, kwa kuuheshimu mwiko, tulikuwa tumemchagua mtu mmoja tu katika kijiji kizima ambaye hakupaswa kuuona mwili wake.

Mama alinieleza baadaye habari ya babu. Lisiate alipokuwa na miaka tisa aliingia mbio chumba cha wasichana kufuata mpira, akamkuta mama anabadilisha nguo. Babu alimchapa kwa mkanda mpaka damu ikachuruzika miguuni. Majirani walikuja kumsihi: "Muache, huyu ni mtoto wa hivyo, haelewi." Babu akawajibu, "Ataelewa. Huyu ni mwanaume kama wanaume wengine."

Sijui nimchukie babu au nimshukuru. Mpaka leo sijui.

Lakini pale kibandani, mama alikuwa bado amesimama. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Lisiate, ni mimi, dada yako." Neno moja tu, na angekuwa mkweli, na angetoka nje na heshima yake.

"Sitamwambia baba," alisema.

Sauti haikuwa yake. Aliishusha, akaikwaruza kidogo, sauti ya bibi, mama yao, ambaye ndiye Lisiate alimwona katika zile nywele nyeupe.

"Lesieli," akaniambia bila kugeuka, "toka. Funga mlango. Usichungulie."

Nilitoka kwa magoti na mikono. Nikakaa ardhini, mgongo kwenye ukuta wa mbao, kanga nimeikandamiza kichwani. Ndani nikasikia maji. Nikasikia mama akimwimbia.

Saa sita Uaisele akaja, mnyororo begani, kufuli mkononi. Akaniona nilivyo.

"Si nilisema!" Alirusha mate chini. "Si nilisema! Pisha."

Akashika mlango.

"Mama yumo," nilisema.

Mkono wake ukaganda. Alirudi nyuma hatua tatu kama aliyeshika moto. Dada yake yuko ndani, pamoja na mwanaume aliye uchi. Hapo hakuna kaka wa Kitonga anayeingia, hata nyumba iwe inaungua.

"Dada!" aliita, uso ameugeuzia barabarani. "Dada, unafanya nini humo?"

Maji yalitulia.

"Namwogesha mwanangu," mama akajibu.

Uaisele alinitazama, mdomo wazi. Nikamweleza kwa kunong'ona, neno kwa neno, alivyosema Lisiate. Sikuwa nimemaliza akakaa chini. Yule mwanaume wa bahari, mikono yake ambayo ilikuwa imemzaba kaka yake vibao ili aliyekufa atoke, aliificha kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Alikuwa anamlinda dada," alisema. "Muda wote. Na mimi nikamkalia kifuani."

Mimi nilikuwa nakumbuka ubao wa kufulia.

Hakurudia kumpiga mtu. Hata mara moja, kwa miezi kumi na minne aliyobaki. Mama aliingia kila asubuhi, akamwogesha, akamvalisha, akamlisha magimbi kwa tui la nazi. Wanawake wa kanisa walimsema sana. "Kalolaine hana haya, anamvua kaka yake." Alihama tu benchi.

Mimi nilikatazwa kupita mbele ya mlango wake. Bosi gani huyo, nilimsikiliza mjomba wangu kupitia nyufa za mbao.

Ndiyo maana nilisikia maneno yao ya mwisho. Ilikuwa adhuhuri, mvua imetoka kunyesha. Alikuwa hawezi tena kukaa, sauti imebaki uzi.

"Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Kalolaine yuko wapi siku hizi? Haji hata kanisani."

Kitambaa cha maji kilikuwa kinadondoka matone, nayahesabu.

"Yuko mbali," alisema.

"Ameolewa?"

"Ameolewa. Ana binti."

"Mwambie mimi sikumwangalia. Hata siku moja."

"Anajua."

"Mwambie tu."

"Nitamwambia."

Akafa siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, na hakujua.

Watu huniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza hivi: mzee wako akikupiga, akikung'ata, akikutukana, usikimbilie pepo wala mnyororo. Akili yake imeondoka lakini bado kuna kitu anakilinda. Usiulize tu amepatwa na nini. Uliza, mbele yake sasa hivi, anamwona nani?

Na ukishajua, mpe huyo anayemwona. Hata ikibidi wewe mwenyewe usiwepo.